Fleti ya kisasa ndani ya nyumba ya kale Mji Mkongwe: nikague nini kabla ya kutoa arbuni?

BintiWete ameuliza:

Assalaam alaykum wenzangu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Wete, na kwa miaka kumi na minne sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Nimekuwa nikiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya kupata makazi yangu Unguja, ambako wazazi wangu wanaishi tangu baba alipostaafu. Mwezi uliopita dalali alinionesha fleti inayouzwa Kiponda, katika nyumba ya kale ya ghorofa tatu ambayo mmiliki ameikarabati na kuigawa fleti sita, huku chini, usawa wa njia, yakiachwa maduka mawili kama yalivyokuwa. Ninayouziwa mimi ipo ghorofa ya pili. Ina chumba kimoja cha kulala, sebule iliyoungana na jiko la wazi, na bafu moja.

Ndani kila kitu ni kipya. Sakafu ina vigae vikubwa vinavyong'aa, kabati za jikoni ni za kijivu, viyoyozi ni viwili, na dari ni la jipsamu lenye taa zilizozamishwa, kiasi kwamba usipotazama nje unaweza kudhani uko Masaki. Ukifika dirishani ndipo unapokumbuka uko wapi, kwa sababu ukuta ni mnene hata nikinyoosha mkono kutoka ndani, vidole tu ndivyo vinavyotokeza nje. Mlango wa njia ni ule ule wa zamani wa kuchonga, na baraza bado ipo. Nakiri kwamba moyo wangu ulikwisha kuinunua kabla sijaulizia bei.

Hata hivyo kuna mambo matatu yaliyonitia wasiwasi. La kwanza ni doa la rangi ya chai, ukubwa wa kisosi, lililozunguka taa moja ya sebuleni; dalali alisema ni vumbi la mafundi. La pili ni ukuta wa ngazi, ambao kuanzia chini hadi usawa wa kiuno unatoa unga mweupe ukiugusa, na rangi yake imevimba. La tatu ni kwamba nilipoomba kuona hati nilijibiwa kuwa fleti "itakuwa na hati yake" mara mauzo yakikamilika, na neno hilo "itakuwa" limenikaa kichwani tangu siku ile.

Mama yangu hataki kusikia habari ya nyumba za Mji Mkongwe tangu sehemu ya Beit-el-Ajaib, lile jumba la kale la huko huko, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020. Baba anasema nyumba hizi zimesimama tangu enzi za babu zake na zitaendelea kusimama. Mimi nipo katikati yao, na muuzaji anataka arbuni ndani ya wiki mbili. Naomba wenye ujuzi waniambie nikague nini, niende na nani, na nidai nini kwa maandishi.

FundiChokaa amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Nimefanya kazi ya chokaa katika nyumba hizi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya yote nitakueleza lile ambalo hukuliuliza. Uliposema "sebule iliyoungana na jiko la wazi" nilisita, kwa sababu nyumba ya kale ya Mji Mkongwe haina sebule ya namna hiyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe, na juu ya mawe zege la chokaa lililopondwapondwa mpaka likashika. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na urefu huo ndio unaoamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida ni kiasi cha mita tatu hivi au pungufu. (Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu hadi Uarabuni, na ndiyo maana vyumba vya kale vya huko navyo ni vyembamba na virefu kama vyetu.) Kwa hiyo nenda na futi kamba ukapime sebule pande zote mbili. Ukiona upande ulio mfupi zaidi una mita tano, ujue kuna ukuta uliobomolewa, na swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: kinachobeba sakafu ya juu sasa ni kitu gani?

Doa lile si vumbi. Vumbi haliachi duara lenye ukingo mweusi zaidi kuliko kati. Duara la namna hiyo ni la maji yaliyokuja yakakauka, yakaja tena. Kwa kuwa wewe uko ghorofa ya pili, angalia juu ya doa hilo kuna nini, na sitashangaa ukikuta bafu la fleti ya juu. Zamani maji ndani ya nyumba hizi yalikuwa na mahali pake maalumu, lakini mtu anapogawa nyumba fleti sita anaongeza mabafu sita na majiko sita juu ya sakafu za boriti na chokaa. Bomba moja likivuja taratibu, zege la chokaa linanyonya, na boriti inaanza kuoza kwenye ncha, yaani pale ilipoingia ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Katikati itaonekana nzima kabisa. Dari la jipsamu basi huwa pazia: linapendeza, na linaficha.

Muombe muuzaji akuruhusu kukata tundu kwenye jipsamu, ukubwa wa daftari, karibu na ukuta na karibu na lile doa. Panda ngazi na tochi na bisibisi, uisukume bisibisi kwenye ncha ya boriti. Boriti nzima itakataa, bisibisi itateleza. Iliyooza itaipokea kama muhogo uliochemshwa. Kulirudisha jipsamu ni kazi ya asubuhi moja, kwa hiyo anayekataa tundu hilo atakuwa amekwisha kukujibu.

Ule unga wa ukutani ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini ndani ya ukuta wa matumbawe, na ukuta uliopakwa chokaa huyaacha yatoke nje taratibu kwa hewa, maana chokaa inapumua. Ukiupaka saruji, na juu ya saruji rangi ya plastiki, umeufunga mdomo. Maji hayapati njia, yanapanda juu zaidi, na chumvi inasukuma plasta mpaka inavimba na kubanduka. Kwaruza mahali palipobanduka kwa ufunguo: chokaa ni nyeupe hadi ndani, saruji ni ya kijivu. Gonga pia kwa kifundo cha kidole, ukisikia sauti ya mtungi mtupu ujue plasta imekwisha kuachana na ukuta. Hili la ngazini linatibika, ila dawa yake ni kubandua saruji yote na kuanza upya kwa chokaa iliyorowekwa vizuri, na kazi hiyo haitaki haraka. Mafundi wengi wa siku hizi wanaikwepa kwa sababu saruji hukauka kesho.

Usiondoke bila kupanda juu ya paa. Hesabu matangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na nimeona nyumba zenye matangi sita yaliyopangwa mstari juu ya paa ambalo lilijengwa kwa ajili ya kuanikia nguo na kupunga upepo. Tazama mifereji inatoa maji wapi, na tazama maji ya viyoyozi yanadondokea wapi, kwa maana mara nyingi kampira kale kananing'inizwa tu, kanadondoshea ukutani usiku na mchana kana kwamba ni jambo dogo.

Kama unaweza, subiri masika ndipo ukague.

MkaaziWaSokoMuhogo amejibu:

Dada BintiWete, maelezo ya Fundi ni ya kweli lakini yasikutishe ukakimbia. Mimi nina miaka saba katika fleti ya namna hiyo hiyo, na sijutii. Mchana wa Februari, rafiki zangu wanaokaa nyumba za tofali wanapotokwa na jasho wakiwa wamekaa tu, ndani kwangu unene wa kuta unatosha, na kiyoyozi ninakiwasha usiku mmoja mmoja. Natembea kwenda sokoni Darajani, natembea kwenda msikitini, na adhana ya alfajiri hainihitaji niweke saa.

Lililonishinda mimi halikuwa boriti, lilikuwa watu. Nyumba yetu ina fleti tano, na mwaka wa pili paa lilianza kuvuja. Aliyeathirika mwanzoni alikuwa mwenye fleti ya juu peke yake, na sisi wengine, nakiri na mimi nikiwemo, tulisema paa ni lake. Yeye akasema paa ni la nyumba nzima. Tulibishana misimu miwili ya mvua, na tulipokubali hatimaye kuchanga, maji yalikwisha kushuka hadi ghorofa ya kwanza, na gharama ilikuwa mara kadhaa ya ile tuliyoikataa. Tangu hapo tuna mfuko wa pamoja, kila fleti inalipa kwa mwezi kulingana na ukubwa wake, na fedha za paa hazichanganywi na za mlinzi wala za taa za ngazi. Kwa hiyo muulize muuzaji: mfuko upo? Una kiasi gani leo? Nani anauweka? Na fleti ambazo hazijauzwa, je, yeye mwenyewe anazilipia? Swali hilo la mwisho lilimkera sana aliyetuuzia sisi, nikaelewa baadaye kwa nini.

Uliza vilevile ni fleti ngapi zitakuwa za kupangisha wageni kwa siku. Sina ugomvi na utalii, lakini masanduku ya magurudumu kwenye ngazi za mbao saa nane ya usiku ni jambo la kuzoea, na mgeni wa siku tatu hajali kama bomba linavuja. Sakafu ya boriti hupitisha sauti pia. Jirani yangu wa juu nikimsikia anavua viatu, naanza kusubiri kiatu cha pili.

Kuhusu umeme, hakikisha fleti ina mita yake ya tukuza, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na hukuunganishwa na mita ya maduka ya chini. Maji yanapandishwa kwa pampu, basi jua pampu hiyo inakula umeme wa nani. Na kabla hujanunua kabati au friji, pima ngazi. Kiponda gari haliingii. Kila kitu kitafika kwa gari la mkono, kisha kwa mabega ya vijana. Kabati langu la nguo, zawadi ya mama mkwe, liligoma kwenye kona ya ngazi na hadi leo lipo kwa mdogo wangu Mwanakwerekwe.

Mpitanjia amejibu:

Kwa nini kujitesa? Fumba kuna fleti mpya kabisa, zina maegesho ya gari na hazina boriti wala mizimu ya maji ukutani. Nyumba za kale tuwaachie wenye hoteli. Mambo Msiige ya Shangani ni nyumba ya karne ya kumi na tisa, na tangu 2015 imekuwa hoteli kubwa inayoingiza fedha kila siku za kuitunza. Mwalimu ataitunza na nini?

KaraniWaHati amejibu:

Bi BintiWete, neno lililokukaa kichwani limekaa mahali pake. Nimefanya kazi za nyaraka za ardhi kwa muda mrefu, na ninaomba nikuoneshe ni vitu gani vinavyouzwa unapoambiwa unauziwa fleti.

Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na ipo chini ya Rais. Mtu huwa na haki ya kuitumia, na huwa na jengo lililo juu yake. Kwa fleti, sheria ya kondominio ya 2010 ndiyo iliyoweka utaratibu wa mtu mmoja kumiliki sehemu moja ya jengo kwa hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika vitu ambavyo haviwezi kugawanywa, kama vile paa, ngazi, kuta za nje, msingi na kiwanja chenyewe. Chini ya utaratibu huo wamiliki wanakuwa na jumuiya yao yenye kanuni, na ule mfuko anaousema Mkaazi unakuwa wajibu badala ya hisani. Ila nyumba haiwi kondominio kwa sababu imewekwa milango sita yenye namba. Inapaswa kusajiliwa hivyo, kwa ramani zinazoonesha kila fleti inaanzia wapi na kuishia wapi. Ikiwa haijasajiliwa, unachopewa ni karatasi ya mauziano baina yako na mtu, na siku mtu huyo akifariki utakuwa unazungumza na warithi wake.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye historia ya nyumba yenyewe, maana Mji Mkongwe kila mlango una hadithi. Nyumba nyingi ni za wakfu, na ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu. Ulizia Kamisheni ya Wakfu kabla ya kuuliza kwingine kokote. Nyingine zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, zikapangishwa, na baadhi zikauzwa baadaye, kwa hiyo mlolongo wa karatasi unatakiwa uonekane wote, sio ukurasa wa mwisho tu. Nyingine ni za urithi ambao haujagawanywa, ndugu mmoja yupo hapa, wawili Muscat, mmoja Uingereza, na aliyepo hapa ndiye anayeuza. Dai kuona uamuzi wa mirathi na ridhaa ya kila mrithi.

Kisha kuna kibali cha ujenzi. Mji Mkongwe una Mamlaka yake tangu 1985, na uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo kubadili nyumba ndani ya eneo hilo kunahitaji ruhusa ya Mamlaka. Omba nakala ya michoro iliyopitishwa, uende nayo kwenye fleti, usimame katikati ya sebule. Kama Fundi amekisia sawasawa, na mchoro unaonesha ukuta mahali ambapo wewe unaona meza ya jikoni, basi ukuta huo uliondolewa bila ruhusa, na atakayetakiwa kujibu kesho ni mwenye fleti, yaani wewe.

Arbuni usiitoe kwa risiti ya dalali. Iandikwe katika mkataba mbele ya wakili, ikitaja kwamba inarudishwa yote endapo hati ya fleti haitapatikana kufikia tarehe fulani, au ukaguzi ukionesha kasoro katika boriti, paa au kuta.

BintiWete amejibu:

Nawashukuru nyote. Mpitanjia, Fumba niliitembelea na ni pazuri, lakini baba yangu ana miguu mibovu na maisha yake yote yapo kati ya Darajani na Malindi. Nikihamia Fumba nitakuwa bado namtembelea kwa daladala, sawa na kubaki Dar.

Jumamosi nilikwenda na fundi mmoja mzee aliyefahamiana na baba, pamoja na futi kamba na bisibisi. Sebule ina mita tano na sentimita ishirini kwa upande wake mfupi. Muuzaji alikataa tundu mwanzoni, kisha mzee alipomwambia kwa upole kwamba tungeweza kuagana hapo hapo bila ugomvi, akakubali. Ndani tulikuta boriti zimeungwa katikati juu ya chuma kimoja kirefu, ambacho upande mmoja kimeingia ukutani na upande wa pili kimekalia nguzo nyembamba ya tofali iliyofichwa nyuma ya kabati za jikoni. Boriti tano tulizozifikia, tatu zilikataa bisibisi. Mbili zilizo chini ya bafu la juu ziliipokea hadi kwenye mpini. Nilizigusa kwa mkono wangu, zilikuwa za baridi na zilibaki kwenye vidole kama ugoro ulioloa.

Michoro iliyopitishwa inaonesha ukuta. Usajili wa kondominio haujafanywa, ila maombi, nimeambiwa, "yapo njiani". Muuzaji sasa anapunguza bei kwa robo nzima endapo nitachukua ilivyo. Kwa kweli robo ile ni fedha nyingi kwangu, na ningependa kusikia rai zenu kabla sijamjibu.

FundiChokaa amejibu:

Mwanangu, bei ikipungua chuma hakiongezeki nguvu. Boriti mbili kubadilishwa ni kazi ya kawaida, nimebadilisha mamia, wala zisikukoseshe usingizi. Nguzo ile ndiyo inayonisumbua, kwa sababu mzigo wa sakafu ya juu ambao ulienea katika ukuta mzima sasa umekusanywa mahali padogo, na sakafu yenu, pale nguzo ilipokanyaga, nayo ni ya boriti. Muulize kitu kimoja tu: chini ya nguzo, katika fleti ya ghorofa ya kwanza, kuna ukuta au kuna sebule nyingine ya wazi? Kama kuna ukuta unaoshuka hadi ardhini, mhandisi anaweza kukupa njia. Kama kuna sebule, usirudi huko hata akikupunguzia nusu.

KaraniWaHati amejibu:

Naongeza neno moja: punguzo hilo anakupa ili ubebe wewe tatizo la kibali asichokuwa nacho. Mwambie arekebishe, apitishiwe michoro mipya, asajili jengo, kisha akuuzie kwa bei yake ya awali. Utalipa zaidi, na utajua unalipia nini.

BintiWete amejibu:

Chini ya nguzo kuna sebule. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza alinifungulia mlango mwenyewe, akanionesha kwa fahari jinsi ilivyo pana.

Nimemwandikia muuzaji yale aliyoyasema Karani, neno kwa neno, na hajajibu. Juzi usiku mvua ilinyesha hapo Unguja, mimi nikiwa Dar, nikampigia mlinzi wa nyumba ambaye tulibadilishana namba siku ile. Aliniambia hakuna tatizo lolote, ndoo ni mbili tu, moja ngazini na moja kwenye fleti ya juu.

Arbuni bado ninayo. Fundi, kuna nyumba nyingine Mkunazini, ndogo zaidi, fleti tatu, hati zake zipo na vyumba vyake ni vyembamba kama ulivyosema. Nitakuwa Unguja wiki ya mwisho ya mwezi. Ukiwa na nafasi Jumapili asubuhi nitakupitia, na ngazi ya kupandia nitakuja nayo.